Seti ya shanga za kromosomu: mitosisi safi kabisa, meiosisi inahitaji raba bendi

Nyota 4 kwa 5, na hiyo moja iliyokatwa nitaeleza imeenda wapi.

Ni boksi la kufundishia jinsi seli zinavyogawanyika, shanga za plastiki rangi mbili, nyekundu ni kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba urithi) za mama na njano za baba, unazipachika zinakuwa mnyororo afu katikati ya kila mnyororo kuna kisumaku ambacho ndo sentromia, pale kromosomu na pacha wake wanaposhikana. Jozi ni mbili tu, ndefu na fupi, yani kromosomu 4 badala ya zile 46 za binadamu. Sioni tatizo hapo, 46 mezani mngechanganyikiwa wote.

Kwenye mitosisi, yani seli kugawanyika kuwa mbili zinazofanana, haina mpinzani. DNA imejinakili kwa hiyo kila mnyororo unautengenezea pacha wake, sumaku inawanasisha, unapanga zote 4 mstari mmoja katikati kila moja kivyake, unavuta, pacha wanaachana, huku 4 na kule 4 zilezile. Seli mbili kopi. Ngozi inajikarabati hivyohivyo. Dakika chache mmemaliza.

Sasa njoo kwenye meiosisi, ule mgawanyiko wa kutengeneza mayai na mbegu za kiume. Ukiuliza tofauti wengi watakujibu inagawanyika mara mbili, sawa, ila wabane kidogo uulize mgawanyiko wa kwanza unatenganisha nini na nini, kimya. Pale ndefu ya mama inaitafuta ndefu ya baba, zinalala ubavu kwa ubavu, zinapangwa katikati zikiwa jozi, na zikivutwa inayoachana ni jozi, kromatidi dada, yani wale pacha wa kunakiliwa, bado wameshikana kwenye sentromia! Dada wanakuja kuachana mgawanyiko wa pili, bila DNA kunakiliwa tena, ndo maana unaishia na seli 4 zenye nusu ya kromosomu. Ndani ya seli kuna protini inaitwa kohesini inayowafunga dada, mgawanyiko wa kwanza inakatwa kwenye mikono ya kromosomu lakini ile ya karibu na sentromia inalindwa. Sumaku za hili boksi hazilindi chochote, ukivuta kwa nguvu kidogo tu dada wanaachana na mwanafunzi anaondoka ameona mitosisi akidhani ni meiosisi. Nyota imeenda hapo. Mi navisha raba bendi nyembamba kwenye sentromia mgawanyiko wa kwanza, naivua wa pili, shida imeisha, sijui kwa nini hawakuziweka wenyewe.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kubadilishana vipande. Unachomoa shanga za ncha ya nyekundu unapachika kwenye njano, za njano zinakuja huku, lazima iwe sehemu ileile urefu uleule, na mwisho ukiangalia zile seli 4 hamna hata mbili zinazofanana. Afu geuza jozi fupi tu, nyekundu ikae upande mwingine, upange upya uone mchanganyiko unavyobadilika. Kwa jozi 2 unapata aina 4, kwa jozi 23 za binadamu ni 8,388,608, na hapo hujahesabu vipande vilivyobadilishana. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kutofanana sio ajabu tena.

Kijitabu chake ni cha hovyo kidogo. Kinachora seli 4 zinazolingana kana kwamba wote tunatengeneza mbegu za kiume. Yai je? Seli moja inachukua karibu chakula chote, zingine zinabaki vijiseli vidogo visivyokuwa mayai. Na mayai yanaanza meiosisi kabla msichana hajazaliwa, yanasimama kwenye profasi ya kwanza (hatua ya mwanzo ya meiosisi) miaka na miaka, mgawanyiko wa pili unakamilika mbegu ikishaingia. Kohesini inachoka kwa kusubiri kote huko, na ni sababu mojawapo ya jozi kugoma kuachana umri wa mama ukisogea, mfano ile ya 21 ikabaki tatu kwa mtoto ndo Down syndrome. Hiyo boksi linaweza kuionyesha vizuri tu, vuta jozi ndefu nzima upande mmoja, utapata 3 huku na 1 kule, ila kijitabu hakisemi neno.

Kama unafundisha mitosisi peke yake usinunue, nyuzi za kushonea zinatosha. Kwa meiosisi chukua. Angalizo tu, shanga za akiba hamna, zikipotea mbili tatu za njano mikono inapishana urefu na kubadilishana vipande hakuendi sawa tena, kwa hiyo zihesabu kabla hujafunga boksi.