Sola yenye batri ya lityumu ku duka ya Bukavu: inashinda grupe ya esansi, lakini si ku kila kazi

Nianze na jibu kabisa. Kama uko na fotokopi, salo ya kunyoa, ao butike yenye friji moja, nunua sola yenye batri ya lityumu na ile grupe, jenereta ya esansi (petroli), uiuze ingali inawaka. Kama uko na mashine ya kusaga mihogo ao atelye ya sudire (kuchomelea chuma), usikimbie bado, soma mpaka chini.

Mimi niko Nyawera, hapa Bukavu, nafanya fotokopi, nasharje simu za watu na nauza vinywaji baridi. Seti yenyewe ya sola ni pano (paneli) mbili za wati 300 kila moja, inverta yenye kugeuza umeme ya batri kuwa ya nyumbani, na batri ya lityumu ya volti 24, ampea-saa 100, yaani ndani mnaingia kama kilowati-saa 2.4. Friji ndogo ya kisasa inakula karibu kilowati-saa moja kwa siku, taa za LED hazili kitu, kompyuta inakula kidogo, kwa hiyo hesabu inaingia vizuri. Yenye kusumbua ni printa ya leza. Wakati inapasha moto ile roli yake ndani inavuta karibu wati elfu moja kwa sekunde chache, taa zinapepesa, na kama inverta yako ni ndogo inazima yote mteja akisimama pale na diplome yake mkononi. Kwa hiyo inverta usiipimie friji, ipimie printa.

Sasa grupe. Sitasema uongo, bei ya kuinunua ni ndogo kuliko sola, unavuta kamba inawaka, na kwa nguvu ya ghafla iko sawa kabisa. Shida ni baada ya kuinunua. Esansi iko na nguvu nyingi sana, karibu kilowati-saa tisa mu lita moja, lakini grupe ndogo inageuza umeme pengine sehemu moja kwa tano, ingine yote inatoka kama joto na kelele na moshi. Na ukiwasha kwa ajili ya friji na taa mbili tu ni mbaya zaidi, maana mota inazunguka vilevile hata kama kazi ni ndogo, unalipa esansi ya kuzungusha chuma. Weka juu yake mafuta ya mota ya kubadilisha, buji, karbirateri inaziba kila mara umenunua kwa kadhafi, yule muuza esansi wa barabarani, esansi imechanganywa na kitu ingine.

Na ile esansi inatoka wapi? Inashuka ku meli kule bahari ya Hindi, Mombasa ao Dar es Salaam, inapanda lori zaidi ya kilometa elfu moja, inapita mipaka, kila mmoja anakata yake. Mwaka 2022 vita ilipoanza Ukraine pipa ya mafuta ghafi ilipita dola 100 ku soko ya dunia, na sisi huku tulihisi ku mfuko wakati hatuna hata kisima kimoja hapa Kivu. Jua haipandi lori. Hiyo pekee kwangu ni sababu ya kutosha.

Kuna jambo moja nasema bila kuzunguka: grupe mu nyumba inaua. Moshi yake iko na monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, mtu analala na haamki. Watu wanaiingiza ndani usiku wanaogopa wezi. Tafadhali msifanye hivyo, hata mlango ukiwa wazi. Na bidoni ya esansi chini ya kitanda kule Kadutu, nyumba za mbao zimebanana vile, moto ukishika moja hauulizi ya jirani. Halafu kila lita unachoma inatoa hewani karibu kilo 2.3 za gesi ya kaboni, ni uzito kuzidi esansi yenyewe, kwa sababu kaboni inashikana na oksijeni ya hewa.

Turudi ku batri, maana pale ndjo pesa inaliwa. Batri za asidi, zile nzito kama za gari, ni rahisi kununua, lakini ukizikausha chini ya nusu unaziua, kwa hiyo ampea-saa 100 ni kama 50. Lityumu unaweza kutumia karibu yote, na inadumu mara elfu kadhaa za kusharje. Wengi wananiambia eti ile ni kobalti, madini yenye kuchimbwa Kolwezi. Hapana, zenye kuuzwa kwa sola nyingi ni za chuma na fosfati, hazina kobalti. Ya kobalti iko zaidi mu simu na mu gari fulani.

Fundi alipokuja kufunga aliniambia, "Mama, tuinamishe digri 30 kama ku video." Nikamwambia, "Mwanangu, video ni ya Ulaya, sisi tuko karibu na ikweta." Hapa Bukavu digri 10 mpaka 15 zinatosha, ikielekea kaskazini kidogo, na mvua inaosha vumbi yenyewe. Kivuli ndjo adui. Pano zikifungwa moja nyuma ya ingine, kivuli ya avoka ku moja inavuta chini hata ya pili. Tulikata tawi.

Udhaifu wake: kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano ni mvua, na siku ya wingu nzito batri haijai. Siku kama hizo nazima friji mapema, vinywaji vinabaki baridi mpaka jioni kama sifungui mlango kila saa. Juni mpaka Agosti hakuna malalamiko, ila vumbi, nafuta na kitambaa chenye maji.

Kwa mashine ya kusaga na sudire, mota yake inataka nguvu kubwa siku nzima na sola ya bei yetu haifiki. Pale dawa ni umeme ya mabwawa ya mto Ruzizi, wenye kutoka ziwa Kivu, nayo haichomi mafuta. Ruzizi ya kwanza inafanya kazi tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, ya pili tangu 1989 na tunaigawana na Rwanda na Burundi, ndjo maana delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haiishi. Na sisi wenyewe tunaiharibu: chupa na sashe tunatupa mu mitaro zinashuka ziwani zinaziba mitambo. Inaniuma sana kuona mama mwenye kusaga ananunua mazutu (dizeli) wakati maji inapita hapo chini yetu.

Mwisho, pano za uongo ziko nyingi. Muuzaji mmoja alinionyesha pano imeandikwa wati 300 na ilikuwa ndogo kama meza ya shule. Ya kweli ya wati 300 inakaribia meta 1.6 kwa meta moja na inakaribia kilo 18. Enda na kipimo cha umeme cha fundi, pima mbele yake, na umwombe awashe friji na printa pamoja ku batri ile ile utabeba.