Miaka minne na gari lisilo na kifuniko cha tangi: uzoefu wangu

Gari langu la sasa, dogo la petroli la mwaka 2014, nililinunua hapa Cleveland, Ohio, likiwa limekwisha kutembea maili 78,000, na jioni ya siku ile ile nilisimama kituo cha mafuta nikiamini kwamba nimeuziwa gari lenye upungufu. Nilifungua kile kimlango cha ubavuni, nikapeleka mkono kuzungusha kifuniko kama nilivyozoea tangu Bukavu, na vidole vikakuta kibamba cheusi kisicho na pa kushika. Mzee mmoja aliyekuwa akijaza upande wa pili wa pampu ndiye aliyeniambia nisukume tu mdomo wa pampu ndani. Nikasukuma, kibamba kikajikunja, mafuta yakaingia, na nilipouchomoa kikajifunga chenyewe.

Nianze na jinsi mfumo huu unavyofanya kazi, kwa kuwa raha zake na kero zake zote zinatoka humo. Vimlango ni viwili. Cha nje huzuia vumbi na maji, na cha ndani, kinachosukumwa na springi dhidi ya raba, huzuia mvuke wa petroli usitoke. Baina yao kuna vishikizo ambavyo havilegei mpaka visukumwe pande zote kwa pamoja na kitu chenye unene wa mdomo wa pampu ya petroli, yaani takriban milimita 21. Kidole hakivifungui, na mpira mwembamba wa mwizi wa mafuta pia haupiti kwa urahisi. Wazo lenyewe lina asili yake katika magari ya mashindano. Ford waliliweka kwenye gari lao la GT la 2005, kisha kwenye Explorer ya 2008, na baadaye Honda, Dodge, Jeep na wengine wakawa na mifumo yao. Langu ni mojawapo ya hayo, nami sitalitaja jina, maana ninayoyasimulia yanaweza kumpata mwenye gari lolote la aina hii.

Raha yake niliielewa vizuri mwezi wa Januari. Hapa kila mtu hujijazia mafuta mwenyewe, upepo wa Ziwa Erie ukimpiga mgongoni, na kuvua glavu ili kuzungusha kifuniko cha plastiki kilichoganda ni adhabu ndogo inayorudi kila wiki. Mimi sivui glavu. Mikono hainuki petroli ninapokwenda kazini, na sijawahi kuacha kifuniko juu ya pampu, jambo ambalo katika gari langu la kwanza nililifanya mara mbili katika mwaka mmoja. Kuna desturi moja tu ya kujifunza: mafuta yakishajaa na pampu ikajikata, usichomoe papo hapo. Subiri sekunde 5 hadi 10, matone yamalizikie tangini badala ya kudondokea kwenye rangi ya gari. Nilipokwenda New Jersey, ambako sheria ya mwaka 1949 bado inataka mhudumu wa kituo ndiye ajaze, kijana aliyenihudumia alirudi dirishani na kuniuliza kwa upole kama najua kwamba nimepoteza kifuniko. Nikamweleza kama yule mzee alivyonieleza mimi.

Kero kubwa kuliko zote nilikutana nayo kando ya barabara kuu ya I-71, usiku, nilipoishiwa mafuta kwa uzembe wangu mwenyewe. Jirani yangu alikuja na dumu la galoni 2. Madumu yanayotengenezwa Marekani tangu 2009 yana midomo maalumu ya kuzuia mafuta yasimwagike, na mdomo wa lile dumu ulikuwa mfupi na mnene mahali pasipotakiwa, hivyo haukuweza kuachilia vile vishikizo. Tulijaribu bisibisi. Kimlango cha nje kilifunguka, cha ndani kikakataa, na nusu ya mafuta ikateremka ubavuni mwa gari hadi kwenye theluji. (Msijaribu bisibisi. Nilikuja kujua baadaye kwamba ncha yake ingeweza kuichana ile raba, na raba ikichanika kila kitu kimeharibika.) Tulifika nyumbani kwa kuvutwa.

Suluhisho, kumbe, lilikuwa limewekwa na kiwanda tangu mwanzo: faneli ya plastiki, ndefu na yenye unene kamili wa mdomo wa pampu, ambayo kwa kawaida hufichwa karibu na tairi la akiba. Ndani ya buti langu palikuwa na umbo lake lililochongwa kwenye sponji, faneli yenyewe haikuwepo. Aliyeniuzia gari hakuwa amesema neno, na nadhani hata yeye hakujua. Nyingine niliinunua kwa dola 9 katika duka la vipuri. Faneli ya jikoni haifai, kwa kuwa shingo yake ni nyembamba na haifiki kimlango cha ndani. Kwa hiyo anayenunua gari la namna hii likiwa limetumika na aulize ilipo faneli kabla hajauliza habari za redio.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Kompyuta ya gari hulipima tangi mara kwa mara kuona kama mvuke unavuja, na ikiona uvujaji huwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Katika magari ya zamani, taa hiyo mara nyingi ilimaanisha kifuniko hakikukazwa, na dawa yake ilikuwa kukikaza tu. Mfumo usio na kifuniko uliondoa usahaulifu huo, lakini ukaondoa pia dawa yake. Mwaka wa pili taa yangu iliwaka, na mashine ya fundi ikasoma namba P0455, yaani uvujaji mkubwa wa mvuke. Sasa mtu akaze nini? Gereji ya kwanza ilitaka kubadilisha shingo nzima ya tangi kwa dola 280. Sikuweza kuliahirisha jambo hilo, kwa sababu katika wilaya yetu ya Cuyahoga gari hupimwa moshi kila baada ya miaka 2 katika mpango uitwao E-Check, na gari lenye taa ya injini inayowaka halipiti. Kufuta namba kwa mashine na kukimbilia kupimwa nako hakusaidii, maana kompyuta huonekana kuwa bado haijamaliza vipimo vyake.

Fundi wa pili, Mkongomani mwenzangu anayefanyia kazi nyuma ya nyumba yake, aliingiza ile faneli kufungua vimlango vyote viwili, akamulika kwa tochi na kunionyesha mstari wa uchafu wa kijivu juu ya raba ya ndani. Aliufuta taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu, akihakikisha hakuna uzi unaobaki. Hakunitoza chochote zaidi ya chai. Baada ya siku sita za kuendesha kama kawaida taa ilizimika yenyewe, nami nikapita kipimo. Tangu hapo naisafisha mara mbili kwa mwaka, kabla ya baridi na baada yake. Yapo pia maduka yanayouza kizibo cha kuchomeka ndani ya mfumo huu ili kuukinga na vumbi, na nilikinunua, nikacheka peke yangu dukani: nilikuwa nimelipia kifuniko cha gari ambalo fahari yake ni kutokuwa na kifuniko.

Uchafu wenyewe nadhani unatokana na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, ambayo hapa haina mbali pa kutoka, kwa kuwa mgodi wake uko chini ya ziwa lenyewe. Mara moja tu kimlango cha nje kiliganda, nilipokuwa nimeosha gari siku ya baridi kali na maji yakabaki ndani. Nililiweka gari kwenye banda la jirani kwa saa moja, kimlango kikafunguka. Sasa nikiosha wakati wa baridi, hukausha hapo kwa taulo kabla ya kuondoka.

Wenye dizeli wana faida moja ambayo mimi sina. Mdomo wa pampu ya dizeli ni mnene kuliko wa petroli, hivyo baadhi ya magari ya dizeli yenye mfumo huu hukataa kabisa kufunguka mtu akikosea na kuingiza ule mwembamba, na aliyewahi kulipia kusafishwa kwa tangi lililotiwa petroli kwa makosa anajua thamani ya ukaidi huo.

Mdogo wangu aliyeko Goma anatafuta gari la kuagiza, na alipoona picha za langu aliniuliza kama atafute la aina hii. Nilimjibu kwamba hapa Cleveland nisingependa kurudi kwenye kifuniko cha kuzungusha, lakini yeye hununua mafuta kwa kadhafi (mchuuzi wa mafuta) wa kandokando ya barabara mara nyingi kuliko kituoni, yaani kwa dumu la njano na chupa iliyokatwa kitako, na vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Kila anapojaza atahitaji faneli, na kila mwezi atahitaji kitambaa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama faneli zinauzwa mbilimbili.