Kipimo cha DNA cha ukoo wa baba: tathmini kutoka Lamu

Kampuni ya ng'ambo niliyoiagizia kipimo cha kromosomu Y, sehemu ya DNA ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume pekee, hutuma vijiti viwili vya kusugulia ndani ya shavu. Mwanamke anayetafuta nasaba ya babake itambidi amwombe kaka au ami yake apimwe. Gharama ya kurejesha bahasha kwa posta, ambayo haikutajwa wakati wa kuagiza, ilikuwa juu yangu.

Udhaifu umo katika majibu. Watu ambao kromosomu Y yao inashabihiana na yangu wamepangwa kwa majina ya ukoo, mpango unaoifaa Uingereza, ambako jina hilo hushuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana kwa karne nyingi. Huku Lamu jina la tatu la mtu aghalabu ni la babu yake, nalo hubadilika kila kizazi kipya kinapozaliwa. Sikulitambua jina hata moja, na mzee wa mtaani mwenye shajara ya nasaba iliyoandikwa kwa mkono angenipa zaidi, tena bila malipo.

Maelezo ya asili ya mbali ni mazuri zaidi, kwa kuwa yanaafikiana na utafiti wa mwaka 2023 kuhusu mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, kisiwa cha Manda kikiwemo, uliobainisha kwamba mababu wengi wa kiume walitoka Uajemi, ilhali mababu wa kike karibu wote walikuwa Waafrika.

Ningependekeza wapimwe wanaume wawili wa ukoo mmoja kutoka nyumba tofauti, kwani jibu la mtu mmoja halithibitishi nasaba yoyote.