Betri ya pikipiki inakufa kila mara? Pima kwanza ndo ununue

Wadau wa Mwanza, kabla hujatoa hela ya betri mpya naomba usome hii, maana mi nimenunua betri mbili ndani ya miezi mitano na zote zikafa. Nikienda Ukerewe naiacha pikipiki Kirumba, nikirudi haina hata honi. Kumbe fundi aliunga chaja ya simu moja kwa moja kwenye betri bila kupitisha kwenye switi, inanyonya usiku na mchana. Hata ikinyonya miliampia 50 tu, betri ya Ah 5 (ampia-saa, yaani ukubwa wa akiba yake ya umeme) inaisha ndani ya siku 4 hivi, na betri za risasi, hizi za kawaida za asidi, zikikaukiwa chaji hivyo mara kwa mara zinaharibika kabisa, hata uchaji vipi hazirudi.

Kwaiyo azima mita ya kupimia volti. Asubuhi kabla hujawasha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6 kwenda juu, ikiwa 12.0 au chini imeisha. Washa, piga resi ya kati, inatakiwa ipande iwe 13.5 mpaka 14.5, isipopanda angalia koili ya kuchaji (inayozalisha umeme kwenye injini), rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji inayoingia kwenye betri) na waya zake, ukiweka betri mpya nayo itakufa vilevile. Ikivuka 15 rektifaya ndo inaiua betri. Alafu chaji betri ijae, piga stata ukiwa unaangalia mita, ikidondoka chini ya 10 hapo sasa betri yenyewe imechoka, nenda dukani.

Namba 1 kwangu ni betri kavu, ile iliyozibwa. Huongezi maji, haimwagi asidi ikilala, na kwa barabara zetu za mawe za milimani huko Mabatini na Bugarika inavumilia mtikisiko kuliko ya maji. Ila omba mita uipime palepale dukani, ikisoma chini ya 12.4 iache, imekaa sana kwenye shelfu. Kama inakuja na asidi pembeni, mimina mara hiyo moja tu, subiri kama saa zima, alafu ichajiwe taratibu kabla ya kufunga, ukiifunga hivihivi inaanza maisha ikiwa nusu.

Namba 2 betri ya maji. Bei ndogo, na kwa mtu anayeangalia maji kila wiki mbili ni nzuri tu, sina neno. Ongeza maji ya betri yale yaliyosafishwa, sio ya bomba wala ya ziwani, na asidi usiongeze kabisa. Wengi hawaangalii ndo maana nimeiweka ya pili.

Lithiamu namba 3. Nyepesi mno lakini bei kali na inataka chaji iliyotulia, rektifaya ikizingua ni hatari, kwa bodaboda siioni.

Ya mwisho kabisa ni ile used "iliyofufuliwa". Usinunue jamani, hela ya abiria ni ngumu.

Yoyote utakayochukua, Ah ziwe sawa na za zamani na uangalie chanya iko upande gani, maana kuna zinazofanana kila kitu ila vichwa vya kufungia waya vimegeuzwa na waya haufiki. Mpira wa kuifungia usiuache kwa fundi, betri ikicheza ndani ya boksi lake sahani za risasi za ndani zinamomonyoka.