Tiketi mbili zinazopishana: uzoefu wangu wa nauli kati ya London na Dar es Salaam

Ninaishi Uingereza, wazazi wangu wako Dar es Salaam, na kila mwaka nina safari mbili zisizo na mjadala: moja ya Mei, moja ya Krismasi. Kwa miaka kadhaa sasa sikati tiketi ya kwenda na kurudi kwa kila safari. Nakata mbili zinazopishana. Njia hii imeniokolea fedha za maana, na natamani wenzangu tulio huku waielewe pamoja na mitego yake, maana anayeelezwa faida peke yake anaweza kupoteza tiketi zote mbili kwa mpigo.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Tiketi ya kwanza inaanzia London: kuondoka mwanzoni mwa Mei, kurudi kutoka Dar mwezi Januari. Tiketi ya pili inaanzia Dar: kuondoka mwishoni mwa Mei, kurudi Dar katikati ya Desemba. Sasa zipange kwa tarehe. Mei nakwenda nyumbani kwa tiketi ya kwanza, narejea kazini kwa tiketi ya pili. Desemba nakwenda kwa nusu iliyobaki ya tiketi ya pili, na Januari naimaliza ile ya kwanza. Kila kiti nilicholipia nimekikalia, tena kwa mfuatano wake.

Kwa nini inakuwa nafuu? Kwa sababu shirika la ndege halikuuzii kilomita. Linaangalia safari inaanzia wapi, mwezi gani, na utakaa muda gani kabla ya kurudi. Anayetoka London katikati ya Desemba na kurudi baada ya Mwaka Mpya anajulikana: ana familia inayomsubiri, likizo yake imeshapangwa, atalipa tu. Anayeanzia Dar mwezi Mei, msimu wa masika, ni mteja wa soko jingine kabisa, na bei anayotajiwa ni nyingine. Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1985 American Airlines ilileta nauli za punguzo kubwa zilizomtaka abiria anunue siku 30 kabla na alale huko aendako usiku wa Jumamosi, ili mfanyabiashara anayetaka kuwa nyumbani Ijumaa asiweze kuzinunua. Ndipo wafanyabiashara wa Marekani wakaanza kupishanisha tiketi ili kila moja ionekane ina Jumamosi ndani yake. Sisi tunaokwenda Afrika Mashariki hatusumbuliwi sana na Jumamosi. Kinachotuumiza ni Desemba.

Nitoe mfano wa hesabu tu, maana nauli hubadilika kila siku. Tuseme safari ya Mei peke yake ni pauni 600 na ya Krismasi ni pauni 1,100, jumla 1,700. Ukipishanisha, ile ya kuanzia London ikawa 750 na ya kuanzia Dar ikawa 550, jumla inashuka hadi 1,300. Lakini kuna mwaka tofauti inakuwa ndogo, na kuna tarehe ambazo haipo kabisa. Kiti cha Desemba kinabaki kuwa cha Desemba: viti vya bei ya chini vikiisha, kupishanisha hakuvirudishi. Ndiyo maana nanunua mapema sana, mara tu tarehe za Januari zinapofunguliwa, na silipii tiketi ya kwanza kabla ya kuiona bei ya pili kwenye dirisha la pembeni. Kwa njia yetu ushindani unasaidia. Ukipitia Doha, Addis Ababa, Istanbul, Dubai au Nairobi, unaweza kuchagua shirika moja kwa tiketi hii na jingine kwa ile.

Kitu cha kwanza ninachokisoma kwenye masharti ni muda wa juu wa kukaa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tiketi ya kawaida inaweza kudumu mwaka mzima, lakini nauli za chini kabisa mara nyingi hufungwa kwa mwezi mmoja, mitatu au sita. Mei hadi Januari ni zaidi ya miezi minane. Ukitafuta kwa tarehe hizo mtandao utakupandisha kimyakimya kwenye daraja la nauli linaloruhusu, na huko akiba yote inaweza kuyeyuka. Linganisha bei ya mwisho, pamoja na mizigo, kwa sababu kwa sisi tunaobeba zawadi za ukoo mzima begi la pili si jambo la pembeni.

La pili ni kaunta na uhamiaji. Mimi nina pasi ya Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza, kwa hiyo tiketi ya kurudi Januari haimshtui mtu. Lakini wapo ndugu zetu waliochukua uraia wa Uingereza. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo wengi wao huingia nyumbani kwa viza, na ya kawaida ni siku 90. Akifika kaunta mwezi Mei na tiketi inayosema anarudi Januari, ataulizwa, na ni haki aulizwe. Hali ni hiyo hiyo kwa mzazi anayekuja kututembelea kwa viza ya mgeni ya Uingereza, ambayo humruhusu kukaa hadi miezi sita. Dawa yake ni kuchapisha tiketi zote mbili na kuzionyesha pamoja, bila kuficha. Nimewahi kuulizwa na dada wa kaunta, "Kaka, mbona unarudi mwakani?" Nikampa karatasi ya pili, akasoma tarehe, akanipa pasi yangu ya kupandia ndege.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Tiketi hizi zimefungamana. Usipotokea kwa ndege ya kwanza ya tiketi, kilichobaki hufutwa. Ukiugua Dar mwishoni mwa Mei na kuikosa ndege bila kutoa taarifa, safari yako ya kwenda nyumbani Desemba imekufa hapo hapo. Ukighairi Krismasi, unapoteza nusu za tiketi mbili, si moja. Kwa hiyo piga simu ubadilishe tarehe kabla ndege haijaondoka, hata kama kuna faini. Msiba ukitokea Septemba, usiguse tiketi hizi: kata nyingine inayojitegemea, inayoanzia na kuishia London.

Je, ni kosa? Si jinai. Hata hivyo mashirika ya Marekani ya American, Delta na United yanakataza jambo hili katika masharti yao, na shirika likitaka linaweza kufuta tiketi, kudai tofauti ya nauli au kukunyang'anya pointi ulizokusanya kwa kusafiri nalo. Tusilichanganye na kushuka kituo cha kati na kuacha kipande cha mwisho. Lufthansa, shirika la Ujerumani, ilimfikisha abiria mahakamani Berlin kwa hilo, ikidai zaidi ya euro 2,000, na mwaka 2018 mahakama ikaitupa kesi. Mimi siachi kipande chochote, na natumia mashirika mawili tofauti. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kulipa. Kodi ya abiria wa ndege haikwepeki: Uingereza huwatoza watu wazima wanaoondoka, na kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida kwa umbali wetu. Kila tiketi inaibeba mara moja, kama kawaida.

Naipendekeza kwa dhati kwa mwenye safari mbili za uhakika na kazi inayompa likizo kwa tarehe zinazojulikana mapema: wauguzi wenye ratiba ya mwaka, walimu, wanafunzi wa shahada ndefu. Kwa mwenye mzazi mgonjwa sana, au anayesubiri majibu ya kibali kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, naomba asiiguse mwaka huu. Alipe nauli ya kawaida inayobadilika tarehe, hata kama ni ghali zaidi.