Nilipeleka tarumbeta la babu likasafishwe, nikarudishiwa kikombe cha ligi

Nianze na sifa, maana nikianza na hasira sitamaliza. Yule fundi anajua kulehemu. Kile kijiti kinachoshikanisha mabomba mawili, ambacho tangu nikiwa mtoto kilikuwa kimefungwa waya, amekirudisha mahali pake kwa risasi kidogo tu, huoni hata tone. Hapo nampa kumi kwa kumi. Basi, sifa zimeisha.

Nilimpelekea kazi mbili: hicho kijiti, na weusi. Tarumbeta letu ni la kuchovya fedha, na fedha ikishikwa na salfa ya hewani inakuwa nyeusi kama mkufu uliosahauliwa kabatini. Halafu pale babu alipokuwa akishika kwa mkono wa kushoto, baadaye baba, sasa mimi, jasho lilikuwa limekula fedha mpaka shaba ya njano ikachungulia, umbo la kiganja kabisa. Nikamwambia fundi: toa weusi, hicho kiganja kiache. Nilisema mara mbili. Mke wangu shahidi.

Nikaenda msibani Urambo. Niliaga siku mbili, zikawa karibu wiki.

Narudi Tabora, nashuka, hata nyumbani sijafika, napitia kwa fundi. Naona kitu cha njano kimening'inia msumarini kati ya rimu za pikipiki na masufuria ya watu. Nikauliza, "Fundi, langu liko wapi?" Akacheka. "Si hilo hapo, mzee wangu. Hujalijua?"

Kwa kweli sikulijua.

Alikuwa amelipitisha kwenye gurudumu la kitambaa, na ile dawa ya kung'arishia rimu, mpaka fedha yote ikaisha. Utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, gurudumu halikuwa na kazi kubwa. Alidhani ni rangi! Anasema aliona njano pale kwenye kiganja, akajua mali yenyewe iko chini, akaifuata. Alipomaliza akapuliza juu vanishi ya magari. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo uliyoiondoa ilikuwa fedha. Akanitazama, akafuta mikono, akasema mbele ya wateja: "Sasa kama ulitaka jeusi, si ungebaki nalo?"

Mwenye sufuria mmoja akacheka. Nimesamehe mengi maishani, ila kicheko kile bado.

Malipo yalikuwa elfu themanini. Akanipunguzia kumi. Nikazipokea, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu ukishapokea kumi ni kama umekubali.

Lakini sijafika kwenye kidonda chenyewe. Letu ni la Boosey & Hawkes, kampuni ya Uingereza, na matarumbeta yao yana namba iliyogongwa kwenye pipa la pistoni (kibonyezo) ya katikati, na kwa namba hiyo wanaojua wanaweza kukuambia lilitengenezwa karibu mwaka gani. Kwetu kuna kesi ya miaka mingi. Shangazi mkubwa anasema babu alilinunua kwa askari wa bendi ya KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, baada ya Vita Kuu ya Pili. Shangazi mdogo anaapa kwamba alipewa na mchungaji kabla ya vita. Kampuni mbili, Boosey na Hawkes, ziliungana 1930, na majina yote mawili yapo pale kwenye mdomo mpana, kwa hiyo si la kabla ya hapo. Baada ya hapo lini? Namba ingesema. Sasa gurudumu limeilamba, imebaki mikwaruzo, tarakimu moja labda ni 8, labda ni 3. Na sikuwahi kuiandika popote. Miaka yote hiyo nikiwa na kalamu mfukoni.

Hapo lawama ni yangu pia, nakubali. Nusu.

Na ile dawa ya rimu ilikuwa imeingia ndani ya pistoni, maana hakuzitoa kwanza. Katikati ya mazoezi ya Kwaresima pistoni ya pili ikakwama chini, nikatoa sauti ya ng'ombe aliyekwama topeni. Nililifungua nyumbani nikaliosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu karibu jioni nzima.

Sisi Wamoraviani Pasaka tunaipokea makaburini kabla jua halijachomoza, na matarumbeta. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Karibu karne tatu watu wanaamka gizani kwa heshima, mimi nikaenda na kitu kinachofanana na kikombe cha ligi ya kata.

Halafu jua likatoka.

Sitaki kusema hili, ila ni uzoefu wangu na nitausema wote. Lilipendeza. Mwanga ulilipiga, watoto wakalisogelea, na sauti ilikuwa ileile ya babu, haikupungua kitu. Shangazi mkubwa akanishika mkono akaniambia, "Ndivyo lilivyokuwa nilipokuwa msichana, la njano hivihivi." Halikuwa la njano, shangazi! Lilikuwa la fedha! Nikanyamaza. Nikajua pia ile kesi ya askari na mchungaji haina tena shahidi wa kuaminika.

Vanishi yenyewe haikufika mbali. Pale pa kiganja jasho liliinua, ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Mzee mmoja wa bendi yetu akanishauri niitoe yote niache shaba wazi, nipake nta. Nta Tabora hatuombi. Naipasha kidogo, napaka nyembamba, nafuta kwa fulana kuukuu. Mikono inanuka shaba, lakini pale pa kiganja pameanza kuwa hudhurungi kuliko kwingine. Huyo mzee ndiye aliyenifundisha pia jinsi weusi wa fedha unavyotolewa bila kusugua: beseni, karatasi ya aluminiamu chini, bekingi soda, maji ya moto, chombo kiguse karatasi. Weusi unaondoka, fedha inabaki. Gharama yake haifiki nauli ya kwenda kwa fundi.

Je, nampendekeza? Hapana. Kwa kung'arisha, hapana kabisa, hata kijiko.

Juzi mpiga tuba wetu kaja, bomba lake limeachia, anataka namba ya huyohuyo fundi. Nikakaa nayo kidogo, kisha nikampa. Nikamwambia akae pale pale kibandani mpaka risasi ipoe, na fundi akimwambia nenda kanywe chai, aseme amefunga.