Bima ndogo au bima kubwa?
Kwa gari binafsi Tanzania, bima ndogo ni shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Ukimgonga mtu au gari la mwenzio, kampuni inamlipa yeye. Bampa lako utajijua mwenyewe. Likiibwa, limekwenda.

Bima kubwa hufuata thamani ya gari. Kwa asilimia 3.5, gari la milioni 20 ni 700,000 kabla ya VAT, na hapo wizi, moto na ajali uliyoisababisha mwenyewe vimo. Ila usishushe thamani ili ulipe kidogo: ukiandikisha milioni 10, fidia ya matengenezo nayo inaweza kukatwa nusu. Uliza pia kiasi utakachochangia kwenye kila dai. Wengi hukigundua wakiwa gereji.

Kwa kigari cha milioni 4 kinacholala ndani ya geti, mimi ningekata ndogo. Gari la mkopo, benki itakuamulia.